Mjue mpangaji kabla ya kununua kiwanja: Mbinu za kujenga nyumba za kupangisha Tarime na Serengeti

Ukishuka stendi ya Tarime na fedha za kujengea nyumba za kupangisha, dalali hatakuuliza unataka kumpangisha nani. Atakupakia kwenye bodaboda, atakuzungusha Turwa, Nkende na Nyandoto, na kila mtakaposimama atakwambia kuwa bei hii ni ya leo tu, lami ikipita itapanda. Inawezekana anasema kweli. Lakini kupanda kwa bei ya kiwanja hakukulipi kodi ya mwezi. Anayelipa ni mtu atakayelala humo ndani, na wilaya hizi mbili zina wapangaji wa aina nne ambao hawafanani kabisa. Kila aina ina jambo lake linalowaleta na jambo lake linalowaondoa. Anayejenga bila kuchagua mmoja wao hujikuta na nyumba nzuri iliyo mahali pasipo na mtu wa kuilipia.

Wa kwanza ni mpangaji wa mpakani. Sirari inaishi kwa barabara kuu inayotoka Mwanza na Musoma kwenda Isebania, upande wa Kenya. Wanaopanga pale ni mawakala wa forodha, wafanyabiashara wa nafaka na bidhaa za dukani, wabadilisha fedha, madereva na vijana wa kupakia mizigo. Hawa hawahitaji sebule pana. Wanataka fremu yenye stoo nyuma, chumba kimoja chenye mlango imara, na gesti safi ya kulala usiku mmoja. Hulipa vizuri biashara inapokwenda, na hupotea ndani ya wiki moja inaposimama. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Mwaka uliotangulia, Mei 2020, ilifunga mpaka na Tanzania kwa watu kwa sababu ya korona, ikabakiza malori ya mizigo. Mwenye fremu mpakani lazima awe na akiba ya kumvusha miezi kadhaa bila kodi. Kama huna akiba hiyo, Sirari si mahali pako pa kuanzia, hata kama fremu zake zinavutia kuliko nyumba za Tarime mjini.

Wa pili ni mpangaji wa mgodi. Huyu ndiye anayewapofusha wengi, kwa hiyo nitakaa naye zaidi.

Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Leo uko chini ya kampuni ya Barrick, na serikali ina hisa za asilimia 16. Kuzunguka mashimo ya Nyabirama na Gokona umekua mji wa Nyamongo, wenye maduka, baa, zahanati, karakana na vyumba vingi vya kupanga. Fedha ipo, hilo halina ubishi. Ila itazame inavyoingia. Mfanyakazi wa kudumu mwenye familia mara nyingi hataki mkewe na watoto waishi karibu na vumbi na milipuko, hivyo huwaweka Tarime mjini, Musoma au Mwanza. Anayebaki Nyamongo ni kijana wa mkandarasi, mwenye mkataba wa mwaka mmoja au miezi sita. Mkataba ukiisha, anafunga godoro lake na kuondoka. Ukimjengea huyu nyumba ya vyumba vitatu yenye vigae na dari ya jipsamu, umemjengea mtu asiyekuwepo. Anachotaka ni chumba masta kimoja, maji ndani, geti linalofungwa na sehemu ya kuegesha pikipiki. Kijengwe kwa gharama inayoweza kurudi katika miaka michache.

Na miaka ndiyo hoja yenyewe. Dhahabu huisha, au bei hushuka, au serikali na mwekezaji hugombana. Buzwagi kule Kahama ulikuwa mgodi mkubwa, na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2021. Kahama haikufa, kwa sababu ina biashara yake ya mpunga, barabara na uwanja wa ndege, lakini aliyekuwa amejenga akitegemea mishahara ya Buzwagi peke yake alilazimika kutafuta mpangaji mwingine kabisa. Kabla ya kujenga Nyamongo jiulize: mgodi ukisimama, nani mwingine atakipanga chumba hiki? Kama jibu ni mwalimu wa shule ya jirani au muuguzi wa kituo cha afya, endelea. Kama hakuna jibu, rudi nyuma.

Kuna jambo jingine la Nyamongo ambalo lazima lisemwe wazi. Wenyeji wanalijua kwa jina la tegesha. Watu husikia mgodi utapanuka kuelekea kijiji fulani, basi ndani ya siku chache huota vijumba vya mabati na miti iliyopandwa karibu karibu, yote ikisubiri mthamini aje ayahesabu. Wapo wanaouza maeneo ya namna hiyo kwa wageni wakisema ni uwekezaji. Usinunue. Fidia ya ardhi ina utaratibu wake wa kisheria: kuna tarehe ya kusimamisha uendelezaji, kuna uthamini unaoongozwa na Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, na kuna picha zinazopigwa. Majengo ya tegesha yamekataliwa mara nyingi, na waliotegesha wamebaki na mabati yenye kutu na kesi zisizoisha. Zaidi ya hasara ya mnunuzi, tegesha humdhuru mwenye shamba halali ambaye fidia yake hucheleweshwa wakati maofisa wakichambua nani ni mkweli na nani si mkweli. Fedha ya mtu anayetaka kipato cha halali haina sababu ya kuingia humo.

Lami inabadilisha hesabu za Nyamongo. Barabara ya Tarime hadi Mugumu, kilomita 87, imekuwa ikijengwa kwa vipande, na kipande cha Mogabiri hadi Nyamongo ni kimojawapo. Safari ikiwa fupi na ya uhakika, mfanyakazi wa mgodi anaweza kulala Tarime mjini na kwenda kazini kwa gari. Kwa hiyo usiamini haraka kwamba lami itapandisha kodi ya Nyamongo. Naona uwezekano mkubwa zaidi kwamba itawahamishia wapangaji wenye familia Tarime mjini, na kuiachia Nyamongo vijana wa chumba kimoja. Anayetaka kujenga nyumba nzima ya vyumba viwili au vitatu ajenge mjini, karibu na shule na soko, na amsubiri huko mpangaji anayerudi jioni.

Wa tatu ni mpangaji wa hifadhi. Mugumu ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, na watu hudhani kuwa jina la Serengeti peke yake linatosha kujaza vyumba. Watalii hawalali Mugumu kwa wingi. Wanalala ndani ya hifadhi, au kwenye kambi na hoteli za upande wa Ikoma, Robanda na Grumeti. Wanaolala Mugumu ni watu wanaowahudumia: madereva, wapishi, mafundi magari, askari wa wanyamapori na familia zao. Kipato chao hufuata msimu. Nyumbu hupita ukanda wa Grumeti karibu na Mei na Juni, kisha huvuka Mto Mara kaskazini kati ya Julai na Oktoba, na hapo ndipo kambi huajiri vibarua. Mvua za Machi na Aprili zikifika, kambi nyingine hufunga na vibarua hurudi nyumbani. Mwaka 2020, korona ilipoingia, watalii walioingia Tanzania walishuka hadi takriban 620,000, kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019. Mtu wa kambi ya watalii akikosa kazi, kodi ya chumba ndiyo ya kwanza kukwama.

Habari njema ya Mugumu ni kuwa haimtegemei huyo peke yake. Kuna Hospitali Teule ya Nyerere, kuna ofisi za halmashauri, kuna shule, na kuna wafanyabiashara wanaonunua mahindi na mifugo ya Wakurya, Wangoreme, Waikoma na Wanata wanaoizunguka. Humo ndimo anamotoka mpangaji wa nne: mtu wa mshahara wa serikali, taasisi ya dini au biashara ya kila siku. Halipi kodi kubwa. Lakini analipa Aprili kama anavyolipa Agosti. Kama ningeulizwa mtu aanze na nani, ningejibu bila kusita: aanze na huyu wa nne, Tarime mjini au Mugumu, kisha akishapata uzoefu na akiba ndipo awasogelee wale watatu wenye fedha za msimu.

Loji ya watalii nitaipita haraka, maana si kazi ya mtu mwenye mtaji mdogo. Eneo la Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona ni la vijiji vitano kwa pamoja, Robanda kikiwemo. Huwezi kununua kipande chake kwa mzee mmoja ukaweka mahema. Atakayekuuzia huko anakuuzia kesi.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa mfano tu, maana bei hubadilika kila mwezi. Tuseme umejenga vyumba sita vya kupanga kwa shilingi milioni 30, kiwanja kikiwemo, na kila chumba unakipangisha kwa 60,000 kwa mwezi. Ukizidisha kwa miezi 12 unapata 4,320,000, na hapo ndipo wengi husimama na kushangilia. Endelea kuhesabu. Kila chumba kitakaa wazi walau miezi miwili kwa mwaka, mpangaji mmoja akitoka na mwingine akitafutwa. Inabaki 3,600,000. Kodi ya mapato ya pango ni asilimia 10, yaani 360,000. Ukarabati, rangi, kitasa na kuvuta maji taka, weka 400,000. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka. Unabaki na 2,822,000. Mtaji wako utarudi baada ya zaidi ya miaka kumi na nusu. Je, mpangaji uliyemchagua atakuwepo miaka kumi ijayo? Mwalimu atakuwepo. Kibarua wa mkandarasi wa barabara hatakuwepo.

Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha kwa nini mkopo wa benki wa kujengea vyumba vya kupanga ni hatari. Riba za mikopo nchini huzungukia asilimia 15 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza kwa milioni 30 ni 4,500,000, ambayo ni kubwa kuliko kodi yote ya vyumba sita vikiwa vimejaa mwaka mzima. Jenga kwa awamu. Anza na vyumba viwili vilivyokamilika, vyenye choo cha ndani, maji na umeme, uvipangishe, kisha kodi yake na akiba yako vijenge viwili vinavyofuata. Weka msingi wa jengo zima kama uwezo unaruhusu, lakini usiezeke vyumba sita ukaviacha bila plasta. Nyumba iliyoezekwa na kuachwa wazi huharibika na mvua za nyanda za juu za Tarime kabla haijamwona mpangaji.

Kuhusu jengo lenyewe, maji ndiyo yanayoamua kodi katika wilaya hizi kuliko vigae. Mugumu hutegemea Bwawa la Manchira, na kwenye mitaa mingi ya miji yote miwili maji hayatoki kila siku. Mwenye nyumba aliyeweka simtanki juu ya mnara, akaelekeza na mifereji ya bati kukinga mvua, atampata muuguzi na mwalimu kabla ya jirani yake mwenye dari ya kifahari. Kila chumba kiwe na submita yake ya umeme, maana ugomvi wa wapangaji wa LUKU moja huwafukuza wapangaji wazuri na kuwabakiza wabishi. Karibu na mgodi usibane fedha kwenye msingi na lenta, kwa sababu milipuko hutikisa kuta, na ufa ukishaanza hauishii kwenye plasta.

Yote haya hayana maana kama kiwanja si chako. Hapa ndipo mtu wa Tarime na Serengeti anapaswa kuwa mgumu kuliko mahali pengine.

Anza kwa kujua ni ardhi ya aina gani. Mjini, ardhi iliyopimwa huwa na namba ya kitalu na kiwanja, na hati yake hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi, na kijiji hakiwezi kugawa ardhi bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Hati yake ni ile ya haki miliki ya kimila. Kama wewe si mkazi wa kijiji, kuhamishiwa haki hiyo kunahitaji kibali cha halmashauri ya kijiji kilichoandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Mwenyekiti kukupigia muhuri mezani kwake peke yake hakutoshi. Omba kuuona muhtasari, uusome, uangalie sahihi na tarehe.

Kwa ardhi yenye hati, fanya upekuzi kwenye Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, Musoma, uone kama kuna mkopo au zuio. Kisha nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri husika uulize mpango wa matumizi ya eneo hilo. Kumbuka zipo halmashauri mbili Tarime: ya Mji na ya Wilaya, ambayo makao yake ni Nyamwaga. Watu wamewahi kupoteza siku nyingi wakiuliza mahali pasipohusika.

Pima umbali mwenyewe. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwenye Barabara ya Sirari na kando ya Mto Mara mita hizo zimeshameza fedha za watu wengi. Ukielekea kata zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kama Nyanungu na Gorong'a, uliza kwanza vigingi vya mpaka viko wapi na wananchi wanasemaje. Migogoro ya mipaka huko imekuwa ya muda mrefu, na mgeni hapaswi kuitatua kwa fedha zake.

Halafu ijue familia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza, kwa hiyo mke asipokuwepo mezani, usitoe hata arubuni. Kama mwenye shamba amefariki, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua mkononi. Kati ya Wakurya kuna pia nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiyepata mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwingine ili apate warithi. Katika boma la namna hiyo muuzaji anaweza kuwa mama mwenyewe, mkewe, au kijana anayejihesabu kuwa mrithi, na kila mmoja akawa na hoja. Waite wote, pamoja na ndugu wa ukoo na majirani wa mipaka, mbele ya wazee wa mila na uongozi wa kijiji, waseme wamekubali, waandike na watie sahihi. Mdai ardhi ana miaka 12 ya kufungua shauri. Ugomvi ukifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, utajenga mahakamani badala ya kujenga kiwanjani.

Kwa kuwa ndugu wa Kikurya wako pande zote mbili za mpaka, lipo pia suala la uraia. Asiye raia wa Tanzania hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa kisheria. Raia wa Kenya anaweza kupanga nyumba au fremu yako, akiwa na vibali vyake. Lakini ukikubali kumwandikia kiwanja kwa jina lako ili kiwe chake kwa siri, hakuna mahakama itakayomlinda yeye, na watoto wenu watarithi uhasama. Mkatalie kwa heshima, umpe mkataba mzuri wa pango.

Mkataba huo uandikwe kwa Kiswahili na useme kodi ni kiasi gani, inalipwa lini, nani analipa maji na umeme, nani anatengeneza kitu kikiharibika, na notisi ni ya muda gani. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi. Kwa mpangaji wa mgodi au wa mpakani, dai hilo lina mantiki, maana anaweza kuondoka wakati wowote. Kwa mwalimu na muuguzi, chukua ya miezi mitatu. Atakaa muda mrefu zaidi kwako, na hutamlazimisha kukopa kwa riba ili aingie ndani. Mpangaji wako akiwa kampuni au taasisi, atakata asilimia 10 na kuiwasilisha TRA. Mdai stakabadhi ya makato hayo ili usilipishwe tena.

Ukishamaliza kusoma haya, chagua mpangaji mmoja kati ya wale wanne. Nenda mahali anapofanyia kazi, umuulize analala wapi sasa, analipa kiasi gani na nini kinamkera pale alipo. Waulize watu wa kutosha, mvua zikiwa zinanyesha na msimu ukiwa mbaya. Majibu yao yakikutosheleza, ndipo umpigie dalali simu.